Habari Njema Hutangulia

Sura ya Sita

Simu ya mume wa marehemu ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa plastiki, na Bi Tena alikuwa ameiatamia tangu asubuhi kama kuku aliyepewa yai viza.

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Kituoni pale polisi, kuanzia mkuu hadi mfagizi, wote walimwita Bi Tena, kwa sababu hakuna shahidi aliyewahi kumwambia jambo mara moja likatosha. "Sema tena," angesema, na mtu angesema tena. Mara ya tatu shahidi angejikuta anatoa kitu ambacho yeye mwenyewe hakujua kama anacho.

Mbele yake alikaa mgane, fundi seremala mwenye viganja vipana, aliyemzika mkewe jana. Shati lake lilikuwa safi, lakini kucha bado zilikuwa na udongo.

"Pole, kaka yangu. Sema tena."

"Nimeshasema."

"Najua."

Mgane alivuta pumzi. Mkewe alikuwa anapanga mbao nyuma ya karakana. Nyoka akamuuma kwenye kifundo cha mguu. Yeye akaazima gari la jirani, lakini kabla ya kuwasha injini akafanya kile ambacho redio ilikuwa inawaimbia watu wiki nzima: Angalia kwanza, ndipo uende. Akafungua ukurasa wa idara ya afya, ule unaoonyesha kituo gani kina dawa ya sumu ya nyoka na kipi hakina. Kituo cha ng'ambo ya mlima kiliandikwa kwamba dawa ipo. Akaendesha kuelekea huko.

"Na njiani?"

"Njiani nini? Anatapika. Anaongea maneno hayashikani. Tulipofika lango la hospitali kubwa akaushika usukani, nusura tuingie mtaroni. Nikautoa mkono wake. Nilijua sumu imeshapanda kichwani. Nikaendesha."

"Halafu?"

"Halafu yule mwizi wenu akanifungulia friji. Tupu. Ananionyesha friji tupu kama mtu anayeuza friji! Nikampiga. Kama mtanishtaki kwa hilo, nishtakini."

"Hakuna anayekushtaki."

"Basi mshtakini yeye." Alisimama. "Niko pale nje kwenye benchi. Siondoki mpaka nimwone anapanda gari la mahakama."

Alipotoka, Sajini aliyekuwa ameegemea kabati alipiga miayo kwa adabu, mkono mdomoni.

"Mama, kesi hii imeiva, unaichochea moto wa nini? Ukurasa unasema dawa ipo. Friji tupu. Jirani wa kituo cha ng'ambo alimwona mtoa dawa wa pale anafunga sanduku la barafu kwenye pikipiki yake. Moja na moja."

"Yeye anasemaje?"

"Eti friji la kituo lilikuwa linakufa, akazihamishia chupa hospitali kubwa zisiharibike, kisha akaandika sifuri kwenye kompyuta. Na mfamasia wa hospitali anamuunga mkono. Lao moja hao."

Lao moja au lao mbalimbali, watu walikuwa wameshahukumu. Madirisha ya nyumba ya mtoa dawa yalivunjwa juzi jioni, mkewe akakimbilia kwa shemeji yake na watoto wakiwa na nguo za shule mwilini. Akifikishwa mahakamani leo mchana kwa wizi uliosababisha kifo, atapelekwa mahabusu, na mahabusu nako kuna watu wenye mama zao na wake zao. Kila mtu kituoni alilijua hilo.

Bi Tena alivaa miwani. Alikuwa amepitia hospitali kubwa kabla ya kuja kazini, akafungua friji lao kwa mkono wake. Chupa zilikuwepo, zimejaa rafu nzima, na ubavuni mwa kila moja alama ya kituo cha ng'ambo.

"Sajini, mwizi akiiba dawa ng'ambo, ukurasa utasema ipo, friji litasema haipo. Sawa?"

"Sawa kabisa."

"Sasa sogea usome hapa chini kwenye simu ya mgane. Hospitali kubwa. Inasemaje?"

Simu ile haikuunganishwa tena na mtandao tangu ilipochukuliwa. Ukurasa ulikuwa umeganda vilevile alivyouacha mwenyewe. Sajini aliinama. "'Kwa sasa dawa haipo hapa. Tafadhali nenda kituo cha jirani.'"

"Na mimi nimetoka huko asubuhi, friji limejaa. Hapo mwizi kafanya nini? Kaweka?"

Sajini alijikuna shingo. "Mwizi wa kuweka sijawahi kumkamata."

"Wala mimi. Uongo wa upande mmoja una mwizi. Lakini kulia kukiwa kushoto na kushoto kukiwa kulia, hapo usitafute mwizi, tafuta kioo." Alinyoosha mkono. "Nipe simu yako. Fungua ukurasa huohuo, wa leo."

Waliziweka simu mbili bega kwa bega. Ya Sajini ilisema kituo cha ng'ambo: Dawa hakuna. Nenda kituo kingine. Hospitali kubwa: Dawa ipo. Njoo upesi.

"Si imeshasahihishwa basi," Sajini alisema.

"Soma tena. Usisome habari, soma maneno. Ya mgane inasema dawa ipo, halafu?"

"'Karibu upesi.'"

"Yako?"

"'Njoo upesi.'" Sajini akarudisha macho kwenye simu ya kwanza. "Huyu ana adabu, huyu hana."

"Watu wawili hao. Mmoja alisema karibu. Mwingine akaja nyuma yake, akafuta, akarudisha njoo, na hakuja kutuambia." Aliokota mkoba wake. "Mwambie mkuu anizuilie lile gari la mahakama."

Mkuu alimpa mpaka gari litakapowasha injini. Zaidi ya hapo, alisema, atafute gari lake mwenyewe la kuzuia.

*

Chumba cha tovuti cha idara ya afya kilikuwa ghorofa ya juu, mwisho wa ukumbi unaonuka rangi mpya. Kwenye kila mlango walibandika bango lilelile: Angalia kwanza, ndipo uende. Ndani kulikuwa na meza mbili zilizopeana mgongo, kompyuta mbili, na kiyoyozi kilichokataa kuzimika, kwa hiyo fundi wa tovuti alivaa sweta jua likiwa utosini. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizopunguzwa vizuri na macho ambayo hayakulala.

"Ukurasa uko sawa, afande," alisema kabla hajaulizwa.

"Nimekuuliza ukurasa?"

Fundi alishusha mikono ya sweta mpaka vidoleni.

"Nieleze kazi yako," Bi Tena alisema huku akivuta kiti. "Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Hatuandiki ukurasa wa kila kituo kwa mkono. Tuna kiolezo. Unajua ile hati yenu ya dhamana, iliyopigwa chapa tayari, yenye mapengo ya jina na mahali?"

"Naijua kuliko wanangu."

"Kiolezo ndicho hicho. Kituo kinaingiza idadi ya chupa, kompyuta inajaza pengo. Ila hati yenu haifikiri. Kiolezo changu kina masharti ndani yake. Kama chupa ni sifuri, onyesha sentensi ya kwanza. Kama si sifuri, onyesha ya pili."

"Na hizo sentensi zinakaa wapi?"

"Humohumo. Katikati ya masharti."

"Maneno na akili, chungu kimoja."

"Ndivyo nilivyokikuta."

Bi Tena alitoa simu ya mgane, akaiweka juu ya kibodi. Fundi aliitazama bila kuigusa, kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua.

"Ule mtandao wa huko milimani," alisema, "wakati mwingine unachelewesha..."

"Mtandao unachelewesha kwa adabu? Unaongeza na tafadhali?"

Mlango ulisukumwa kwa kisigino. Aliingia mwanamke mnene karibu na umri wa kustaafu, miwani ikining'inia kwa uzi kifuani, kikombe cha chai mkono mmoja na kingine mkono wa pili.

"Wewe mdogo wangu, leo nina ugomvi na wewe, chai yako hii hapa lakini usidhani ni ya amani. Mbona umenirudishia yale maneno yako ya kijeshi? 'Njoo! Nenda!' Nimeyasafisha siku ile mchana mzima, leo nafungua nakuta amri tupu. Au koma zangu zilikuwa nzito kwa mashine?" Akawaona wageni. "Ee, samahani. Karibuni. Wanaponiita Dada Koma msishangae, mimi ndiye mhariri humu. Chochote mnachosoma kwenye tovuti hii chenye nukta mahali pake, ni changu."

Fundi alifunga macho.

"Maneno yapi hayo aliyoyarudisha, dada?" Bi Tena aliuliza taratibu.

"Ya dawa ya nyoka! Mkurugenzi alinipitishia malalamiko ya watu. Ukurasa una ukali, unamfukuza mtu kama mdaiwa. Nikasema hilo niachieni. Mtu ameumwa na nyoka, naye ni mtu, apewe tafadhali yake. Nikaandika, 'Dawa ipo. Karibu upesi.' Na kwa upande wa pili, 'Kwa sasa dawa haipo hapa.' Si inaingia moyoni?"

"Inaingia," Bi Tena alisema. "Ulibadilisha hayo tu?"

"Hayo tu. Na mpangilio kidogo."

Sajini, aliyekuwa anasoma bango ukutani, aligeuka.

"Fanya tena," Bi Tena alisema. "Vilevile ulivyofanya siku ile. Nione."

"Kwenye nakala ya majaribio," fundi aliwahi. "Si kwenye ule wa watu. Dada, kaa hapa kwangu."

Dada Koma alikaa, akavaa miwani, akavuta kiti mpaka tumbo likagusa meza. Kwenye kioo cha kompyuta kilifunguka kiolezo: mistari michache tu, nusu lugha ya mashine, nusu Kiswahili. Bi Tena aliinamia bega lake. Sentensi mbili zilikuwa zimekaa pale, moja juu na moja chini, juu na chini ya kila moja kukiwa na sharti lililofungiwa ndani ya mabano yaliyopinda ncha.

"Haya mabano tunayaita masharubu," Dada Koma alieleza, kama mwenyeji anayetembeza mgeni shambani. "Mdogo wangu alinipa sharti moja siku aliyonifungulia mlango wa humu. Alisema, dada, kilicho ndani ya masharubu ni changu, kilicho nje ni chako. Nimeyaheshimu kama vyombo vya mkwe. Sijagusa hata unywele."

"Endelea."

"Sasa angalia ubaya huu. Sentensi ya kwanza kabisa, 'Dawa hakuna.' Ndiyo unamfungulia mtu mlango hivyo? Nilipokuwa kijana nilikaa meza ya matangazo gazetini, na mzee wetu wa pale alitufundisha, habari njema hutangulia. Mtu akipokea baya kwanza, zuri halisikii tena." Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Aliikata sentensi ya chini, akaipandisha juu, ile ya juu akaishusha, kisha akazilainisha moja baada ya nyingine. Masharubu yalibaki yametulia mahali pake. "Hivi. Ukisoma kutoka juu mpaka chini, unaona raha yake?"

Kwa kweli ilisomeka vizuri zaidi. Hilo ndilo lililomuuma Bi Tena.

"Sasa mwonyeshe ukurasa," alimwambia fundi.

Fundi alinyoosha mkono, akabonyeza. Orodha ya vituo ikatokea.

Dada Koma alisoma huku midomo ikicheza, kama wasahihishaji wote wa gazetini wanavyosoma. "Ng'ambo, 'Dawa ipo. Karibu upesi.' Vizuri. Hospitali kubwa, 'Kwa sasa...'" Akasimama. "Hapa umekosea, mdogo wangu. Hospitali wanayo. Na ng'ambo hawana, redio yote inasema hawana. Mbona..."

Kiyoyozi kilikoroma.

"Sharti la juu linasema kama chupa ni sifuri," fundi alisema. Alikuwa anaongea na kibodi. "Sentensi yoyote inayokaa pale juu, inakwenda kwa wasio na dawa. Haijalishi inasema nini. Mashine haisomi, dada. Inaangalia mahali tu."

Dada Koma aliendelea kutazama kioo. Mwisho wa sentensi moja nukta ilikuwa imekosekana. Mkono wake ulinyooka wenyewe, ukaiweka, kisha akaurudisha ghafla kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Yule mama," alisema. "Yule wa kwenye redio. Mke wa seremala."

"Ndiyo," Bi Tena alisema.

"Niliweka tafadhali."

Sajini alisogeza kikombe cha chai karibu naye. Hakukuwa na kingine cha kusogeza.

*

Walimtoa fundi ukumbini, chini ya bango.

"Uliona lini?"

"Alasiri ileile. Nilirudi kutoka kwenye kikao nikafungua ukurasa kwa shughuli nyingine, nikaona vituo vyote vimegeuka. Nikarudisha kiolezo cha zamani. Nilidhani nimewahi. Jioni redio ikatangaza."

"Na mtu akakamatwa kwa wizi, ukakaa kimya."

"Ningefungua mdomo, ningemtaja. Ana umri wa mama yangu. Barua yangu ya kuomba kazi hii ni yeye aliyenisaidia kuandika."

"Na yule aliye ndani, yeye ana umri wa mama wa nani?"

Fundi alitazama viatu vyake.

"Kabla ya kuwaonyesha watu, hampimi?" Sajini aliuliza. "Hata mlango wa choo unajaribiwa kwanza."

"Masharti tunayapima. Nikigusa sharti moja, linapita mikono mitatu kabla ya kutoka. Maneno hayapimwi. Neno likiandikwa linatoka moja kwa moja, ndio utaratibu wetu tangu nimekuja. Nani aliwahi kufa kwa neno?" Aliposikia alichokisema alijishika paji la uso. "Tuliomba kuvitenganisha, afande. Mimi na yeye, pamoja. Yeye awe na chumba chake cha maneno, kila sentensi iwe na jina lake, aipambe anavyotaka. Mimi niwe na masharti yangu. Akigeuza lake lisiguse langu. Ni kazi ya wiki moja, wala si ngumu."

"Mkanyimwa na nani?"

Fundi aliinua kidevu kuelekea mlango wa mwisho.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Bi Tena alitamani awe mbaya. Aliwapokea akiwa amesimama, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akakaa.

"Waliniomba," alisema. "Nikawaambia kinafanya kazi, mnakigusia nini. Tulikuwa na kipindupindu, tulikuwa na magari hayana matairi. Tutaunda kamati."

"Kamati itakaa lini?"

"Ikishaundwa." Alimtazama. "Bibi, wewe mwenyewe una maombi mangapi kwa wakubwa wako yanayosubiri?"

Bi Tena alikuwa nayo. Alikuwa na la tochi, na la breki za gari la doria.

"Lipi kati ya hayo litaua mtu?" mkurugenzi aliuliza, bila kejeli. "Kama unajua namna ya kulitambua mapema, nifundishe. Nitashukuru."

Kwenye ngazi Bi Tena alimpigia mwendesha mashtaka. Sajini alisikia upande mmoja tu, lakini upande huo ulitosha.

"Aliyehamisha sentensi? Alikusudia heshima... Hapana, alipewa ruhusa, na sharti alilopewa alilishika... Aliyempa ruhusa alifuata utaratibu... Utaratibu uliandikwa na mtu aliyeacha kazi zamani... Kukataa ombi la wafanyakazi, ni kosa kwa kifungu kipi? Ndiyo, nakuuliza wewe, si ndiwe uliyesoma sheria?" Alisikiliza kwa muda mrefu. "Najua naleta maiti bila muuaji. Nakuletea na mtu asiye mwizi. Huyo angalau mwachie."

Alikata simu.

"Amekubali?" Sajini aliuliza.

"Huyo aachiwe leo. Fundi akahojiwe kwa kunyamaza. Waliobaki tuandike maelezo."

"Tuwapelekee nani?"

"Hakusema."

*

Gari la mahakama lilikuwa limeshawasha injini. Mtoa dawa alikuwa ameketi nyuma yake, amefungwa pingu na mwizi wa kuku, jicho la kushoto limevimba mpaka limeziba. Sajini alimteremsha, akamrudishia mkanda na kamba za viatu. Mtu yule alikaa kwenye ngazi ya gari akaanza kupitisha kamba matunduni, tundu moja baada ya lingine, kana kwamba dunia nzima ingeweza kungoja.

"Ukurasa ulikosea," Bi Tena alimwambia. "Wewe uliandika sifuri, na sifuri ilifika. Maneno ndiyo yaliyokwenda kombo."

"Niliwaambia."

"Ulituambia."

"Niende wapi sasa? Nyumba haina madirisha."

"Pitia nyuma," Sajini alimnong'oneza. "Mbele yuko yule bwana kwenye benchi na ndugu zake."

Mtoa dawa alikaza fundo, akasimama. "Nisiibe, halafu nitoke kwa mlango wa wezi?"

Akaenda mbele. Bi Tena alimfuata karibu karibu, kama anavyomfuata mtu anayetembea juu ya ukuta mwembamba.

Mgane aliwaona wakitoka. Hakupiga kelele. Aliinuka tu, viganja vile vipana vikining'inia, na wanaume wawili waliokuwa naye wakainuka pia.

"Mmemwachia."

"Si yeye," Bi Tena alisema, akajiweka katikati.

"Basi nani?"

Alikuwa akiwajibu watu swali hilo maisha yake yote ya kazi. Mara nyingi jibu lilikuwa jina la mtu, na jina lilikuwa dawa ndogo, wenye msiba wangeondoka nalo wakalitafuna. Leo alifungua mdomo akakuta kuna kiolezo, sentensi mbili, na mwanamke mnene aliyetaka watu wapokewe vizuri. Alieleza hayo kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza. Kwamba palikuwa na mahali pa walio na dawa na mahali pa wasio nayo. Kwamba maneno yalihamishwa, mahali hapakuhama. Wale wanaume wawili walitazamana kama watu wanaodanganywa mchana kweupe.

Lakini mgane alikuwa seremala. Mbao zote mbili zikibadilishana pande, alijua mlango unafungukia wapi. Bi Tena aliona kitu kikigeuka akilini mwa mgane, taratibu, na hakuwa na namna ya kukizuia.

"Ng'ambo iliandikwa ipo, na haikuwepo," mgane alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo zile zilizoandikwa haipo..."

Bi Tena alivua miwani. Nyuma yake mtoa dawa, ambaye ndiye aliyezipakia chupa zile kwenye pikipiki na kuzishusha kwa mikono yake, aligeuzia uso ukutani.

"Hospitali kubwa," mgane alisema. "Ile ya pale kwetu."

"Ilikuwepo."

"Sema tena."

"Dawa ilikuwepo, kaka yangu. Friji lilikuwa limejaa."

Mgane alikaa kwenye benchi. Mmoja wa wale wanaume alimshika bega, naye hakuonekana kulihisi. Alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto, kiganja juu, kama fundi anavyokagua kifaa kilichomharibia kazi.

"Hakuwa amerukwa na akili," alisema. "Aliushika usukani kwa nguvu zote. Akanitazama. Alitaka niingie pale langoni." Alikunja vidole, akavikunjua. "Nikautoa mkono wake. Kidole kimoja kimoja. Nikamwambia, tulia mke wangu, hapa hakuna, mimi nimesoma."

Gari la mahakama liliondoka na mwizi wa kuku peke yake. Bi Tena alisimama pale. Hakumwomba arudie.

"Mimi nimesoma," mgane alisema tena, mwenyewe.